Kubaki, kuhama, kujaribu pembeni au kubwaga manyanga: ipi inakufaa?

Barua ya kuacha kazi niliandika mbili kabla ya ile niliyoituma kweli. Ya kwanza niliandika nina hasira, ya pili nimechoka tu, na nashukuru zote ziliishia kwenye drafti maana nikizisoma leo naona wazi sikuwa najua naacha nini. Ukurasa mzima hakuna mahali nimesema kazi yenyewe ni mbaya. Ni ratiba, halafu mkuu wa kitengo, halafu ratiba tena.

Kwa hiyo mtu akinifuata na lile swali la "niache au nivumilie" huwa namwambia subiri kwanza, njia sio mbili. Unaweza kubaki ulipo ila ukaifinyanga kazi upya. Unaweza kuhama mwajiri lakini ukafanya kazi ileile. Unaweza kubaki na mshahara wako huku unajaribu kitu kingine pembeni. Na unaweza kubwaga manyanga ukaingia fani nyingine kabisa. Hizi ni dawa nne na sio zote za ugonjwa mmoja, shida ni kwamba tunaisikia sana hiyo ya mwisho kwasababu ndo yenye stori tamu, hakuna mtu anayekusanya watu awasimulie "nilimuomba bosi anibadilishie majukumu mawili".

Kabla ya kulinganisha, jua kinachokuuma

Hapa nitakaa kidogo maana ukikosea hapa huko mbele kote unatibu goti wakati kinachouma ni jino.

Chukua daftari la kawaida. Wiki mbili, kila siku ukitoka kazini andika mistari miwili tu, mmoja ni kilichokunyonya leo, mwingine ni kilichokufanya usiangalie saa. Usiandike insha. Mi nilikuwa uhasibuni kipindi hicho na nilikuwa na uhakika asilimia mia kwamba nimechoka na mahesabu. Siku kumi za kazi zikaisha nikahesabu. Upande wa kunyonya, mara saba ilikuwa ni vikao, au ile ripoti moja ambayo kila ijumaa lazima iende kwa watu watatu kwa mipangilio mitatu tofauti. Mahesabu yenyewe yametokea mara moja. Upande wa pili ndo ulinishangaza zaidi, mara nne ilikuwa ni zile nusu saa nilizokaa na mfanyakazi mpya namuonyesha mfumo unavyofanya kazi, kitu ambacho hata hakikuwa kwenye mkataba wangu, nilikuwa nakifanya kwasababu tu meza yake ilikuwa jirani na yangu.

Miaka minne nasema nachukia mahesabu kumbe nachukia ijumaa.

Hili la kwamba kinachouma na kinachofurahisha ni vitu viwili tofauti sio langu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walilitoa mwaka 1959 baada ya kuwahoji mainjinia na wahasibu kama 200 hivi eneo la Pittsburgh (ndio, wahasibu, nilicheka niliposoma). Waliwaomba wasimulie ni lini walijisikia vizuri sana kazini na ni lini walijisikia vibaya sana. Vibaya ilikuwa zaidi ni sera za kampuni, usimamizi, mahusiano na bosi, mazingira. Vizuri ilikuwa ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa jukumu. Yaani ukimuondolea mtu bosi mbaya unamuondolea kero, ila hujampa sababu ya kuamka asubuhi. Wapo waliompinga baadaye, hasa kwenye suala la mshahara na jinsi alivyokusanya majibu, lakini kama kipimo cha kuanzia kuliangalia daftari lako mi naona kinatosha sana.

Kwa hiyo angalia daftari. Kama kinachokunyonya ni watu, ratiba, malipo, umbali, basi tatizo lako ni mahali. Kama ni kazi yenyewe, ile unayoifanya hata siku ambayo hakuna anayekusumbua, tatizo ni fani. Na kama hakuna kinachokunyonya sana ila pia hakuna kinachokufanya usahau saa, hapo huna ugonjwa, una njaa, na njaa haiponi kwa kukimbia.

Kubaki na kuifinyanga kazi

Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 2001 watafiti wawili, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu watu wanaoibadilisha kazi yao kimyakimya bila kubadilisha cheo. Mfano wao maarufu ni wasafishaji wa hospitali. Wote kazi moja, wodi zilezile, lakini wengine walijiona ni wapiga deki basi, wengine walijiona ni sehemu ya watu wanaomponya mgonjwa, wanapiga naye stori, wanajua nani hajapata mgeni wiki nzima, wanapanga kazi zao ili wasimsumbue aliyelala. Walisema mtu anaweza kugusa mambo matatu: anachofanya, anaofanya nao, na anavyoitazama kazi yenyewe.

Hilo la tatu najua linasikika kama maneno ya kutia moyo watu wasidai mshahara. Nilikuwa nawaza hivyohivyo. Kilichonibadilisha kidogo ni jaribio la mwanasaikolojia Adam Grant la 2007, la vijana wanaopiga simu kuomba michango ya chuo kikuu. Kazi ngumu ile, siku nzima unakataliwa. Kundi moja wakakutanishwa na mwanafunzi ambaye masomo yake yamelipwa na michango hiyo, dakika tano tu, wakamuuliza maswali wakarudi kwenye simu zao. Mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142 na pesa walizoleta kwa asilimia 171. Hakuna aliyeongezewa mshahara. Walimuona tu mtu anayekula matunda ya kazi yao, ambaye wengi wetu hatujawahi kumuona hata siku moja. Kwa hiyo kabla hujasema kazi yako haina maana jiulize ni lini mara ya mwisho ulikutana na mtu wa mwisho kabisa anayeitumia.

Upande wa vitendo, siri ni moja, omba kubadilishana usiombe kuongezewa. Mi nilimfuata mkuu wa kitengo nikamwambia hivi, "wageni wanaoanza wote niachie mimi niwafundishe mfumo, halafu ripoti ya ijumaa tumpe fulani maana yeye data anazo tayari, mimi nazifuata kwake." Akaangalia dari kidogo akasema tujaribu mwezi mmoja. Ukienda na "nataka kazi yenye maana zaidi" hakuna bosi atakayekuelewa, ila ukienda na mabadilishano yanayompunguzia na yeye kichwa kuuma, anasikiliza.

Ubaya wake? Inategemea mtu mmoja. Yule mkuu alihamishwa baada ya mwaka na nusu, akaja mwingine, wiki ya pili tu nikarudishiwa ripoti zangu za ijumaa, na wale wageni nikaendelea kuwafundisha, yaani nikabaki na vyote viwili. Alafu mshahara haupandi kwa njia hii, au unapanda polepole sana. Kama kinachokuuma ni pesa, ukifinyanga mpaka kesho kutwa itabaki inauma.

Kuhama mwajiri, kazi ileile

Hii ni fupi. Inatibu mahali, na inatibu pesa kuliko zote, basi. Kama daftari linasema bosi, ratiba, malipo, nenda, tena usiandike barua za hasira, nenda tu kistaarabu na notisi yako yote.

Ila jua kitu kimoja. Mwaka 2005 watafiti watatu (Boswell, Boudreau na Tichy) walitoa matokeo ya kufuatilia mameneja kwa miaka kadhaa wakakuta mchoro unaojirudia: kuridhika kunashuka kabla mtu hajahama, kunapanda sana akifika kupya, halafu kunashuka tena. Fungate inaisha. Kwa hiyo usijisifu mwezi wa pili kwamba umepata kazi ya ndoto zako, na pia usikate tamaa mwezi wa kumi ukadhani umeruka majivu ukakanyaga moto, inawezekana ni fungate tu imeisha.

Kwenye usaili kuna maswali mawili huwa nawaambia watu wasitoke bila kuyauliza. La kwanza, aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa. La pili, siku ya kawaida, sio ya mwisho wa mwezi wala ya ugeni, jumanne tu, inaanza na nini inaisha na nini. La pili linawachanganya sana maana hawajaliandalia jibu, na hapo ndo unasikia ukweli.

Na nafasi zenyewe unazipata wapi? Sio kwa mshikaji wako wa kila siku. Mark Granovetter, mwanasosholojia, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki walikuwa kama 17 tu kati ya kila 100. Zaidi ya nusu walikuwa wanaonana mara mojamoja, na waliobaki, robo na ushee, walikuwa wanaonana mara moja kwa mwaka au hata hawafikii hapo. Sababu ni rahisi, rafiki yako wa karibu anajua unachokijua wewe. Yule uliyefanya naye kazi miaka sita iliyopita yuko kwenye chumba kingine anasikia mambo mengine. Kwa hiyo badala ya kutuma CV hamsini mtandaoni, tuma salamu kumi kwa watu mliopotezana, na usianze na "nitafutie kazi", anza na kuuliza huko kwao kukoje siku hizi.

Pembeni dhidi ya kubwaga manyanga

Hizi mbili inabidi ziwekwe ubavu kwa ubavu kwasababu zote zinatibu ugonjwa mmoja, wa fani. Tofauti ni kwamba moja unaonja kwanza na nyingine unameza.

Msimamo wangu nautoa mapema: onja. Wachache sana nimewaona wakijutia kuonja. Watafiti Joseph Raffiee na Jie Feng mwaka 2014 waliangalia Wamarekani walioanzisha biashara zao, wakalinganisha walioanza huku bado wameajiriwa na walioacha kazi moja kwa moja. Walioanzia pembeni kwanza ndipo wakahamia mzima mzima, uwezekano wa biashara yao kufa ulikuwa chini kwa theluthi hivi. Tunapenda kuamini kwamba anayechoma daraja ndo mwenye moyo wa kweli, kumbe mwenye daraja anapata muda wa kujifunza kabla pesa haijaisha.

Mfano mkubwa kabisa ni Einstein. Mwaka 1902 aliajiriwa kwenye ofisi ya hataza Bern, Uswisi, kama mtaalamu wa daraja la tatu, kazi yake ni kukagua maombi ya watu waliovumbua vitu. Mwaka 1905 akiwa hapohapo akachapisha zile makala zilizobadilisha fizikia. Unadhani aliacha kazi? 1906 alipandishwa kuwa daraja la pili. Aliondoka 1909, alipopata nafasi chuo kikuu, miaka minne baadaye. Mi na wewe tukipata likes mia tunataka kuandika barua.

Upande wangu mimi, yule bosi mpya aliponirudishia ijumaa zangu, nikaanza kufundisha watu wenye biashara ndogo namna ya kuweka hesabu zao kwenye eksel, jioni mbili kwa wiki na jumamosi asubuhi. Miezi mitano. Nilijifunza vitu viwili ambavyo nisingevijua kwa kufikiria tu. Kimoja, napenda kufundisha kweli, sio kwamba nilikuwa nakimbia ripoti. Nilikuwa nafika nimechoka hoi, natoka saa mbili usiku nina nguvu kuliko nilivyoingia. Cha pili, sifai kabisa kuwa mfanyabiashara. Kudai. Jamani kudai. Mteja wa tatu alinizungusha wiki saba, na kila nikitaka kumpigia nilikuwa nakuta ghafla kuna vyombo vya kuosha. Kama ningebwaga manyanga kwenda kufungua kituo changu cha mafunzo, ambayo ndo ilikuwa kwenye ile drafti ya pili, ningeyajua haya nikiwa sina mshahara.

Pembeni ina maudhi yake. Waliosema mshika mawili moja humponyoka hawakukosea, na mara nyingi linaloponyoka ni usingizi, au watu wa nyumbani. Weka mwisho, miezi mitatu, sita, halafu unakaa unaamua, maana pembeni isiyo na tarehe inageuka kuwa kazi mbili tu. Alafu soma mkataba wako kabla ya kuanza chochote. Mikataba mingi ina kifungu cha kazi nyingine nje au mgongano wa maslahi, na baadhi inasema unachokitengeneza kwa vifaa vya mwajiri ni mali ya mwajiri. Kompyuta ya ofisi iache ofisini.

Sasa kubwaga manyanga kuna wakati ndo njia pekee, sitaki nionekane naipinga. Kuna fani huwezi kuzionja jioni, huwezi kuwa nesi wa jumamosi wala rubani wa baada ya kazi, lazima urudi darasani na upate leseni. Na kuna kazi inakula afya ya mtu, unaamka na moyo unadunda, umeshaanza kuumwa, au unaambiwa ufanye kitu unachojua ni kosa. Hapo hakuna cha daftari la wiki mbili, ondoka.

Kinachowakwamisha wengi wanaotakiwa kuondoka ni lile neno "nimeshasoma miaka minne". Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer, kwenye jaribio walilolichapisha mwaka 1985, waliuza tiketi za msimu za maonyesho ya jukwaani, baadhi ya wanunuzi wakapewa punguzo bila kutegemea. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kipindi cha mwanzo kuliko waliopunguziwa. Maonyesho yaleyale! Pesa imeshatoka, hairudi uende usiende, lakini inakuvuta. Miaka yako minne ni hiyo tiketi. Swali sio umetumia mingapi, ni mingapi imebaki na unataka kuitumia wapi.

Na kama umekaa katikati kabisa, mizani imesimama, kuna jaribio la Steven Levitt, mchumi, aliyeweka tovuti mwaka 2013 ambapo mtu mwenye uamuzi mgumu anarushiwa sarafu. Zilirushwa zaidi ya elfu ishirini. Kwenye maamuzi makubwa, kama kuacha kazi, walioelekezwa na sarafu wabadilike na wakabadilika kweli walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko walioelekezwa wabaki. Ila hao ni watu waliojipeleka wenyewe kwenye tovuti, tayari mguu ndani mguu nje. Kama wewe mguu mmoja haujawahi kutoka nje, sarafu sio yako.

Ukiziweka zote nne mezani

Muda wa kujua kama imekufaa: kufinyanga ni mwezi au miwili tu unajua. Pembeni, miezi mitatu mpaka sita. Kuhama, mwaka, kwasababu ya ile fungate. Kubwaga manyanga, hesabu kuanzia miaka miwili kama kuna kusoma ndani yake.

Kurudi nyuma ikishindikana: kufinyanga na pembeni unarudi kesho asubuhi bila hata mtu kujua. Kuhama unaweza kurudi kama uliaga vizuri, nimeona watu wakirudi na cheo juu. Fani mpya unarudi ukiwa na pengo la kuelezea, sio mwisho wa dunia ila jiandae.

Pesa: hapa nina ushauri mmoja ambao watu huwa hawaupendi. Kama unafikiria kushuka kipato ili uingie fani nyingine, anza kuishi kwa kipato hicho kipya sasa hivi, miezi mitatu, tofauti yote iende akiba. Ukiweza, umepata vyote viwili, mazoezi na mtaji. Ukishindwa mwezi wa kwanza, umejua jambo muhimu bila kuumia. Mi binafsi chini ya akiba ya miezi sita ya matumizi nisingemwambia mtu mwenye wanaomtegemea abwage chochote.

Ninavyopanga mimi ni hivi, daftari likisema njaa, finyanga. Likisema mahali, jaribu kufinyanga mwezi mmoja halafu hama. Likisema fani, onja pembeni kwanza, na kama fani yenyewe haionjeki basi tafuta mtu anayeifanya umuombe ukae naye siku moja nzima, sio kahawa ya nusu saa, siku nzima, uone na yale ya kuchosha.

Mimi nilizipitia tatu bila kupanga. Nilifinyanga, nikaonja, halafu kazi niliyonayo sasa, ya kufundisha watumiaji wa mifumo, niliisikia kwa mtu tuliyekaa meza moja kwenye semina miaka mitatu nyuma, hata sura yake ilibidi niikumbuke kwa shida. Barua niliyoituma ilikuwa na mistari minne, ya ratiba hakuna hata mmoja. Huku nako ripoti ipo, inatoka alhamisi.